Piano Isiyoshitaki: Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou katika Filamu ya Passing

Muziki wa filamu kwa kawaida hupewa kazi ya utumishi. Mgonjwa anapokaribia kufa, fidla huanza kulia kabla ya ndugu zake. Adui anapoushika mlango, ngoma humtangulia. Wapenzi wanapopatana, sauti hupanda ili hata aliyekuwa akisinzia ajue kwamba sasa yampasa kufurahi. Mtazamaji haachiwi nafasi ya kuamua. Filamu zetu za Kitanzania, ambazo tangu miaka ya 2000 zimeingia karibu kila nyumba yenye televisheni, zimeupokea utumishi huo na kuuzidisha. Kinanda cha umeme hulia tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi mwimbaji hutueleza kwa maneno yale ambayo macho yamekwisha kuyaona. Katika vibanda vya video jambo hili hukamilishwa na yule mtafsiri ambaye husimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku akiijaza mizaha yake mwenyewe; naye, kwa sifa zake zote, hawezi kuvumilia ukimya wa nusu dakika.

Filamu ya Passing, iliyoongozwa na Rebecca Hall na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, ni tamthilia ya namna nyingine. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ni ya polepole, na ndani yake kinarudi mara kwa mara kipande kimoja cha piano pekee, kiitwacho The Homeless Wanderer, yaani Mtembezi Asiye na Makao. Kipande hicho kilitungwa na kupigwa na Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, miaka mingi kabla ya filamu kufikiriwa. Muziki mwingine wa filamu ni wa Devonté Hynes, aliyekuwa na busara ya kutoshindana na mtawa huyo.

Hoja yangu ni kwamba piano hiyo inafanya jambo ambalo muziki wa filamu hulifanya kwa nadra sana, nalo ni kukaa karibu na mtu mwenye siri bila kumshitaki na bila kumtetea. Sisi tunaotumika huku Ilagala, kusini mwa mji wa Kigoma, mahali ambapo Mto Malagarasi unakaribia kuingia Ziwa Tanganyika, tuna sababu zetu wenyewe za kulisikiliza jambo hilo kwa makini. Sababu hizo nitazifikia. Kwanza yafaa tumjue mpigaji.

Alizaliwa Addis Ababa mwezi wa Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Baba yake, Gebru Desta, alikuwa mtu mwenye cheo na elimu ya Ulaya. Akiwa na umri wa miaka sita hivi binti alipelekwa Uswisi pamoja na dada yake kusoma shule ya bweni, na huko ndiko alikojifunza fidla na piano. (Ni jambo la kuchekesha kidogo kwa mwanafunzi wa historia ya Kanisa kwamba nchi ambayo Zwingli alivinyamazisha vinanda vya ibada katika miaka ya 1520 ndiyo iliyomfundisha mtawa huyu kucheza kinanda.) Alirudi nyumbani mwaka 1933. Italia ilipoivamia Ethiopia, yeye na jamaa yake walichukuliwa mateka mwaka 1937 na kupelekwa katika kisiwa cha Asinara, kisha bara la Italia. Baada ya vita alisoma Cairo kwa mwalimu wa fidla kutoka Poland, Alexander Kontorowicz. Aliporudi Addis Ababa alipata nafasi ya kwenda kusoma muziki London, lakini hakuruhusiwa kwenda. Aliyeota kuwa mpiga piano wa kumbi kubwa aliingia utawa akiwa na miaka 21, akaishi karibu miaka kumi katika monasteri ya Gishen Mariam, juu ya mlima, akitembea bila viatu. Emahoy si jina lake bali ni cheo cha heshima cha mtawa wa kike.

Baadaye alikaa Gondar, akijifunza uimbaji wa kale wa kanisa lake, ule unaohusishwa na Mtakatifu Yared wa karne ya sita. Huko aliwaona kila siku vijana wanafunzi wa uimbaji huo waliolala nje na kuomba chakula mlangoni kwa watu. Hakuwa na fedha za kuwapa. Alikuwa na piano. Santuri yake ya kwanza ilitolewa Ujerumani katika miaka ya 1960, na mapato ya kazi zake akayaelekeza kwa maskini na yatima. Mwaka 1984, wakati wa utawala wa Derg, alihamia Yerusalemu, akaishi katika chumba kidogo cha monasteri ya Kiethiopia hadi alipofariki tarehe 26 Machi 2023, akiwa na miaka 99. Dunia ya nje ilimfahamu zaidi baada ya mwaka 2006, pale mfululizo wa Éthiopiques, unaohaririwa na Francis Falceto, ulipomtolea juzuu yake ya 21.

Muziki wenyewe ni mgumu kuuwekea jina. Mkono wa kushoto huzunguka kwa utulivu, kama mtu atembeaye bila haraka. Mkono wa kulia huimba juu yake kwa ngazi ya sauti tano ambayo ni msingi wa muziki wa Ethiopia, ukizipamba sauti kwa mitetemo midogo ya haraka kama koo la mwimbaji wa zaburi. Mapigo hayafuati saa. Mahali pengine mkono wa kulia huchelewa, wa kushoto humngoja. Halafu maneno mengi huja kwa pamoja, kama mtu aliyekuwa akisitasita kusema na sasa ameamua. Kuna wanaosikia humo Chopin, wengine husikia muziki wa weusi wa Marekani. Nadhani wote husikia walichokwisha kukijua. Aliyewahi kusimama katika ibada ndefu ya Waethiopia, akasikia jinsi sauti moja inavyotambaa bila kuharakia mwisho, atatambua chanzo cha karibu zaidi.

Sasa hadithi ya filamu. Imetokana na riwaya ya Nella Larsen ya mwaka 1929, na neno lililo jina lake lina maana ambayo Kiswahili kinaweza kuibeba vizuri: kupita. Huko Marekani, katika siku za ubaguzi, mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe sana aliweza kupita kama mzungu, akapata kazi, nyumba na ndoa ambazo asingepewa kama asili yake ingejulikana. Bei yake ilikuwa kuwakana mama, kaka na kaburi la baba. Irene, anayeigizwa na Tessa Thompson, ni mke wa daktari mweusi mtaani Harlem. Clare, anayeigizwa na Ruth Negga, alikuwa rafiki yake wa utotoni, naye amepita: ameolewa na mzungu tajiri anayewachukia weusi na asiyejua kwamba mkewe ni mmoja wao. Wanakutana katika hoteli ambayo Irene mwenyewe ameingia siku hiyo kwa kudhaniwa mzungu. Tangu hapo Clare anaitamani Harlem kama mwenye kiu, na Irene anamvutiwa, anamwonea wivu, na mwishowe anamwogopa.

Kuna mambo mawili ya nje ya hadithi ambayo mhakiki hawezi kuyapita. Ruth Negga alizaliwa Addis Ababa, baba yake akiwa Mwethiopia na mama yake Mwairishi. Na mwongozaji, Rebecca Hall, ambaye kwa macho ni Mwingereza mweupe, ameeleza hadharani kwamba babu yake mzaa mama, huko Marekani, alikuwa mtu mweusi aliyepita. Filamu hii basi haikutengenezwa na mtazamaji wa mbali. Imetengenezwa na mjukuu wa siri.

Kabla ya kueleza piano inafanya nini humo, ni vema kuilinganisha na filamu nyingine, maana kinyume hufundisha. Mwaka 1993 Jane Campion wa New Zealand alitoa The Piano, iliyoshiriki tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka uleule. Ada, mwanamke wa Uskoti asiyesema, anasafirishwa na binti yake hadi New Zealand ya karne ya 19 kuolewa na mtu asiyemjua, na piano yake inaachwa ufukoni kwa sababu wapagazi hawawezi kuipandisha njia ya matope. Michael Nyman alitunga muziki wa piano ambao Ada angeupiga, akatumia nyimbo za kienyeji za Uskoti kama msingi, na mwigizaji Holly Hunter aliupiga kwa vidole vyake mwenyewe. Hapo muziki ni ulimi wa mtu. Ada hana sauti nyingine. Ndiyo maana mumewe anapoibadilisha piano kwa ardhi, na mwanamume mwingine anapomrudishia kibonyezo kimoja kimoja kwa malipo ya mwili wake, tunaelewa kwamba si samani inayouzwa. Muziki wa Nyman una nguvu, hurudiarudia, husukuma, hudai. Ni muziki wa mapenzi ya mtu anayetaka kitu na hawezi kukitamka.

Katika Passing hakuna anayeipiga piano ile. Hakuna mhusika anayekaa mbele yake, hakuna ambaye vidole vyake vinaonyeshwa, hakuna anayeweza kuiuza wala kuirudisha. Niliitazama filamu hii kwenye kompyuta ndogo pamoja na watumishi wenzangu wachache, maana si filamu ya vibandani, na mwinjilisti mmoja mzee aliuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Lakini Mchungaji, ni nani anayepiga?" Alidhani ni jirani wa ghorofa ya chini. Swali lake ni la kihakiki kuliko mengi yaliyoandikwa na wataalamu. Muziki wa Ada tunajua ni wa Ada. Muziki huu hauna mwenyewe ndani ya hadithi. Irene hausikii. Clare hausikii. Ni sisi tu tunaousikia, nasi twausikia kama mtu aliyeingia katika nyumba yenye jambo zito, akasikia chumba cha ndani mtu anasali peke yake, wala hakujua kama ni kwa ajili ya jambo lile au la.

Hapa ndipo upekee wake. Piano hii haitungwi kulingana na tukio. Haijui kwamba Clare anadanganya. Mume wa Clare anapotoa maneno yake ya chuki mbele ya wanawake wawili weusi asiowatambua, na Irene akacheka kwa sababu hana la kufanya, mtunzi mwingine angetupa sauti nzito ya hatari ili tujue nani mbaya. Hall anatuachia kicheko chenyewe. Na piano inaporudi, katika mwendo wa mitaani au mapumziko baina ya tukio na tukio, inarudi vilevile, haikuchafuliwa na yaliyosemwa, wala haikuja kuyasafisha. Haisemi kwamba Clare ni mwongo, ingawa ni mwongo. Haisemi kwamba alilazimishwa na dunia mbovu, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Inatembea naye.

Wenyeji wa upande huu wa ziwa hawahitaji kufundishwa mbali kuhusu muziki wa mtu mmoja. Ndugu zetu Warundi wanayo inanga, kibao kilichochongwa kama bakuli refu na kutandikwa uzi mmoja unaozungushwa mara kadhaa, na wanao mtindo wa kuipiga huku mwimbaji akinong'ona badala ya kuimba, hata chombo ndicho kinachoonekana kutoa sauti ya maneno. Aliye mlangoni hasikii hadithi. Anayesikia ni aliyekaa karibu. Napendekeza kwamba piano ya Emahoy ni ya ukoo huo zaidi kuliko ukoo wa okestra za Hollywood. Ni muziki wa chumba kimoja, na filamu imefanya jambo la ujasiri kuuchukua na kuuweka mbele ya mamilioni bila kuupandisha sauti.

Nimesema kwamba sisi tuna sababu zetu. Mwambao huu umejaa watu waliopita, nami natumia neno hilo kwa maana ya filamu. Warundi walivuka kuja kwetu kwa wingi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015. Wakongo walivuka ziwa mwaka 1996 na baada yake. Wengi waliandikishwa na kuishi kambini au katika makazi. Wengine hawakuandikishwa popote. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mtu aliyejua kufunga mdomo kwa mwaka mmoja aliweza kuwa Muha wa kijiji cha mbali, akalima mihogo, akavuta nyavu za dagaa, akaoa. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake katikati ya miaka ya 1980, aliwalinganisha wakimbizi wa makazi ya Mishamo na wale wa mji wa Kigoma, na katika kitabu chake cha mwaka 1995 alionyesha kwamba wale wa kwanza walishikilia historia yao kama Maandiko, na wale wa mjini waliivua kama koti, wakachukua majina na asili nyingine ili waishi. Hakuwahukumu. Serikali ilipowapa uraia zaidi ya watu 150,000 wa kundi la 1972, mpango ule ulianza na wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliojichanganya vijijini katika mkoa wetu hawakuwa ndani yake hapo mwanzoni. Aliyekuwa ameficha asili yake kwa miaka 35 alijikuta hawezi kupokea alichopewa jirani yake ambaye hakuificha. Halafu ukaja mwaka 2013 na Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, na neno la jirani likawa na uzito ambao halikuwa nao jana.

Kwa hiyo Passing si hadithi ya Harlem tu. Kila mtumishi aliyekaa huku muda wa kutosha anajua ninachosema. Mtu huja jioni kwa habari ya ubatizo wa mtoto, na katikati ya mazungumzo hunyamaza; kisha hutaja mto ambao hauko Tanzania. Hakuna kinachobadilika katika daftari la usharika. Kesho yake mtakutana kivukoni na kusalimiana kama siku zote.

Hapa yapasa nijibu pingamizi lililo wazi, ambalo mwanafunzi mmoja wa darasa langu alilitoa kwa ukali unaostahili heshima. Alisema: muziki usiohukumu ni muziki mwoga. Filamu inahusu dhambi ya ubaguzi. Manabii hawakupiga piano taratibu pembeni. Amosi hakuwa na mkono wa kushoto unaozunguka kwa utulivu. Tena, akaongeza, ukimya ndio unaoua katika hadithi hii. Na ni kweli. Irene anakutana barabarani na mume wa Clare akiwa na rafiki mweusi asiyeweza kudhaniwa vingine. Mume anaelewa kila kitu. Na Irene, aliyeweza kumwonya Clare, hamwonyi. Anayo sababu: ameanza kushuku kwamba mumewe anampenda Clare. Muda mfupi baadaye Clare anaanguka kutoka dirishani katika karamu, na filamu haituambii kwa uhakika ni mkono wa nani, au kama kulikuwa na mkono.

Naikubali hoja kwamba ukimya wa Irene ni dhambi. Lakini ukimya wa Irene na ukimya wa piano ni vitu viwili vilivyo mbali. Irene ananyamaza kwa faida yake. Siri ya Clare kwake imekuwa mali, kama vile vibonyezo vya Ada, kitu cha kushika na kuachia wakati ufaao. Katika dakika zile Irene hayuko tena na Clare ingawa wamesimama chumba kimoja. Piano haina faida yo yote katika jambo lile. Haishiki kitu. Iko na Clare anapocheka na iko na Irene anapovunjika. Kama filamu ingeupa muziki kazi ya kushitaki, tungetoka tumemshitaki mume yule na kujisikia safi, na Irene, ambaye ndiye anayetufanana, angeponyoka. Kwa kuwa muziki haukutufanyia kazi hiyo, tumebaki na Irene mikononi. Amosi ana mahali pake, na riwaya ya Larsen yenyewe ina ukali wa kutosha. Filamu inaweza kumhitaji nabii katika maneno na msali katika muziki, bila mmoja kumfanya mwingine mwoga.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo sikulipenda. The Homeless Wanderer ni kipande cha dakika saba hivi, na urefu wake ni sehemu ya maana yake. Mtembezi anatembea; kuna mahali pa kuchoka, kuna mahali pa kurudia njia. Filamu inakikata vipande. Tunapewa mwanzo, tunapewa tena mwanzo, na kila mara tukio linalofuata linatupokonya kabla mkono wa kulia haujamaliza sentensi yake. Mara ya kwanza hilo linaleta hamu. Mara ya nne linaanza kufanana na kengele ya shule. Naelewa kwamba filamu ina mwendo wake na haiwezi kusimama dakika saba. Lakini palikuwa na nafasi angalau moja ya kuuacha muziki ufike mwisho wake, na mwongozaji ambaye ana uvumilivu wa namna hii kwa nyuso za watu angeweza kuwa nao kwa piano.

Lipo pia swali la kama ilifaa kabisa kuchukua muziki wa mtawa aliyeutoa kwa ajili ya yatima na kuuweka chini ya hadithi ya wivu, karamu na vileo. Wako watakaosema kwamba ni kutia najisi kitu kitakatifu. Mimi nasema hapana, na nadhani Luther angekuwa upande wangu. Katika utangulizi wake wa mwaka 1538 kwa mkusanyo wa nyimbo za Georg Rhau aliuweka muziki karibu sana na teolojia, naye hakuwa akizungumzia nyimbo za kanisani peke yake, bali sauti yenyewe kama kiumbe cha Mungu, kuanzia ndege hadi koo la mwanadamu. Kipande hiki cha Emahoy si cha liturujia. Piano haina nafasi katika ibada ya kanisa lake, ambalo linatosheka na sauti, ngoma, kayamba la kuhani na fimbo ya maombi. Alitunga nje ya madhabahu, akizingatia watu waliolala nje. Msichana aliyekana nyumba yake na hawezi kurudi, hata awe amevaa gauni la thamani gani, hayuko mbali na watu hao.

Kilicho karibu zaidi na unajisi ni desturi iliyoingia katika ibada zetu wenyewe. Mhubiri anapofika mwisho wa hotuba na kuanza kuita watu watubu, mpiga kinanda, bila kuambiwa na mtu, hubonyeza sauti ndefu laini na kuishikilia. Mhubiri akipandisha sauti, naye hupandisha. Mhubiri akilia, naye hushuka. Nimeisikia mjini na nimeisikia vijijini ambako kinanda hupata umeme wa jua. Wapigaji wengi ni vijana wenye kipaji cha kweli na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kazi waliyopewa, ambayo ni ileile ya muziki wa filamu mbaya: kuwa dalali wa machozi. Mtu anayetaka kusema mbele ya Mungu neno alilolificha miaka 35 anahitaji nafasi ambayo haijajazwa. Howard Olson, aliyefundisha Makumira na kukusanya nyimbo za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu, alitufundisha kuleta sauti zetu ndani ya kanisa. Hajawahi kupatikana wa kutufundisha kwa bidii ileile kuzinyamazisha. Kama tunataka kinanda wakati wa maombi, basi kipigwe kama anavyopiga mtawa huyu, mtu mmoja akisali kwa vidole, asiyemtazama mhubiri wala asiyeupima moyo wa mtu.

Kwa mwalimu anayetaka kuitumia filamu darasani, shauri langu ni kwamba asianze na filamu. Awape wanafunzi kipande kizima kwanza, kutoka katika juzuu ile ya 2006, mara mbili, taa zikiwa zimezimwa, bila kueleza kimetungwa na nani. Halafu filamu. Wengi watagundua, kama walivyogundua wangu, kwamba piano inapoanza katika filamu na kukatwa, wao huendelea kuisikia kichwani huku Irene akizungumza, na kwamba theluji inapoanguka mwishoni juu ya ua ule ambako Clare amelala na watu wakisimama kimya wakiulizwa na polisi nini kimetokea, kila mmoja wao bado anangoja mkono wa kulia umalize.